Ushujaa wa Mtu wa Kawaida

Anapotajwa shujaa, akili hukimbilia vitani. Hata Aristotle, aliyemweka jasiri kati ya mwoga na mtu asiyejali hatari, alichukua kama mfano wake mkuu askari anayekabili kifo. Lakini askari amefunzwa, ana silaha na wenzake ubavuni, na akikimbia ataadhibiwa. Mtu wa kawaida hana hata kimoja kati ya hivyo. Mara nyingi, tena, ana upenyo wa kujiokoa, na akiutumia hakuna wa kumlaumu. Ushujaa wake hupimwa kwenye upenyo huo.

Tarehe 21 Desemba 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab walishambulia basi karibu na El Wak, Kaunti ya Mandera, Kenya, wakawataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Amri hiyo haikuhitaji ufafanuzi: Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera walitengwa vivyo hivyo, wakauawa. Abiria wengi safari hii walikuwa Waislamu, na usalama wao ulikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni. Walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Vazi la kila siku, lililovaliwa asubuhi bila kufikiriwa, likawa ngao, na aliyelitoa akajiingiza katika hatari ya aliyelipokea. Wauaji wakaambiwa wawaue wote au wawaache wote. Naibu mwalimu mkuu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Nairobi Januari 2016.

Je, angetenda dhambi kama angejitenga? Ni vigumu kusema hivyo, maana mtutu wa bunduki humpunguzia mtu lawama. Wanafalsafa hutofautisha wajibu na tendo linalozidi wajibu, na hilo la basini laonekana kuwa la aina ya pili. Hata hivyo dini zenyewe hazikubali mpaka huo kirahisi. Kurani inalinganisha kuokoa nafsi moja na kuokoa watu wote. Injili inamfanya Msamaria, mtu wa jamii iliyodharauliwa, kuwa kielelezo cha jirani. Kwa mafundisho hayo, aliyeketi kiti cha pili ndani ya basi tayari ana haki juu ya mwenzake, na anayemlinda anatimiza deni.

Farah mwenyewe, akiwa kitandani hospitalini, aliwaomba Waislamu wawatunze Wakristo, na Wakristo wawatunze Waislamu, wapate kuishi pamoja kwa amani.