Mtoto Wetu, Si Mtoto Wako



Hapa kwetu Mayoni, miwa hukaa shambani zaidi ya mwaka kabla ya kukatwa, na hakuna mkulima anayeivuta ili irefuke upesi. Mbona basi tunawavuta watoto?

Mtoto wa miaka 6 anayeingia Gredi ya Kwanza huelewa hesabu kwa kushika: punje za mahindi, vijiti, vidole. Afikapo miaka 8 au 9, huanza kujipima na wenzake. Baba akimwita mjinga, neno hilo hukaa moyoni. Akikaribia miaka 12, mwili hubadilika na marafiki husikilizwa kuliko wazazi.

Alama zikishuka, ugomvi huhamia chumbani: "Mwangalie huyo mtoto wako!" Tangu mtaala wa umilisi ulipoenezwa nchini mwaka 2019, wazazi wanatakiwa kusaidia zaidi kazi za shule nyumbani, na mara nyingi mzigo humwangukia mama peke yake. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Wazazi, si mzazi mmoja. Yesu alipobaki Yerusalemu akiwa na miaka 12, Maria na Yosefu walimtafuta pamoja mpaka wakampata. Hatusomi popote kwamba walilaumiana.

Baba, keti jioni hii umsikilize mtoto akisoma, hata ukurasa mmoja. Mama, akikosea baba kufundisha, usimcheke. Kisha salini pamoja kabla ya kulala.