Fadhila ya Kuwahi Kura

Iwapo kura ya mtu aliyefika kituoni saa moja asubuhi na kura ya mtu aliyefika saa kumi kasoro dakika chache huhesabiwa sawasawa, wala moja haizidi nyingine hata kwa uzito wa unyoya, je, kuna fadhila gani katika kuwahi? Wako watu wenye akili timamu, hapa Kariakoo na kwingineko, wasemao kwamba hakuna. Kwamba asubuhi ya siku ya uchaguzi ni ya wenye pupa, na muungwana huenda akisha kunywa chai na akisha kusikia hali ya vituo ikoje. Kauli yao si ya kubezwa, kwani imeegemea nguzo mbili: methali isemayo haraka haraka haina baraka, na mfano uliomo katika Injili ya Mathayo, wa mwenye shamba la mizabibu aliyewalipa vibarua wa saa ya mwisho ujira uleule aliowalipa wale wa alfajiri.

Nguzo hii ya pili naikubali, tena naipenda. Ndani ya sanduku hakuna wa kwanza wala wa mwisho: karatasi ya tajiri wa Mtaa wa Kongo na karatasi ya msukuma mkokoteni hulala pamoja, na atakayezihesabu usiku hawezi kujua ipi iliingia asubuhi na ipi iliingia alasiri. Huo ndio uadilifu wa kura. Lakini ujira ni jambo moja na fadhila ni jambo jingine. Waswalio katika Msikiti wa Mtoro wamefundishwa tangu udogoni kwamba wakati wa swala ni mpana, na kwamba aliyeswali mwishoni, madhali wakati haujatoka, ametekeleza faradhi yake wala hana deni. Hata hivyo wanazuoni wa fikihi aghalabu wameuweka ubora katika mwanzo wa wakati, si kwa kuwa Mungu ana uhaba wa saa, bali kwa kuwa binadamu hana dhamana ya saa ijayo. Saa tisa ambazo mpiga kura wa Tanzania Bara hupewa, toka saa moja asubuhi hata saa kumi jioni, ni wakati mpana wa namna hiyo: wote ni halali, lakini si wote wenye salama moja.

Kura ni amana, na kura ni ushahidi. Ni amana kwa sababu aliyetimiza miaka 18 huishika kwa ajili yake na kwa ajili ya watoto wasiofika umri huo, ambao wataishi chini ya hukumu yake bila ya kuulizwa. Na ni ushahidi kwa sababu anayeipiga hutamka mbele ya dhamiri yake kwamba fulani anafaa na fulani hafai. Mwenye amana hutakiwa aifikishe kabla haijamponyoka, na shahidi hutakiwa aseme kabla hajatishwa, hajahongwa, wala hajachoshwa. Siku ya uchaguzi, kadiri jua linavyopanda, ndivyo uvumi unavyozidi vibarazani: huyu amekwisha kushinda, yule amejitoa, kwenda ni kazi bure. Kampeni zimekwisha kufungwa tangu jana yake, hivyo hakuna hoja njema iliyobaki kusikiwa; kinachobaki ni vishindo vya maneno, na aliyekwisha kutimiza wajibu wake hana tena wa kumyumbisha.

Ama ile methali ya haraka, naona imewekwa mahali pasipo pake. Mwenye haraka aghalabu ni yule aliyechelewa. Anayedamka na kusimama katika mstari kwa utulivu amelazimika kufikiri siku nyingi kabla, kuwapima wagombea, kuuliza, kusikiliza na kukata shauri katika siri ya moyo wake. Ilhali ajaye mbio saa tisa na nusu huamua kwa pumzi zilizokatika, na mara nyingi humchagua yule ambaye jina lake alilisikia mwisho. Kuwahi, basi, ni tunda la kutafakari, na kuharakisha ni adhabu ya kutotafakari.

Tena tazama mambo yanavyokwenda kituoni. Mtu hufika na kadi yake, hulitafuta jina lake katika orodha iliyobandikwa nje, hupanga mstari. Karani hulisoma jina kwa sauti ili mawakala wa vyama walisikie. Hupewa karatasi tatu, ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Huingia katika kituturi peke yake, huweka alama, hukunja, hutumbukiza, na mwisho kidole chake hutiwa wino. Katika kila hatua ya hizo yamkini kukatokea hitilafu: herufi ya jina imekosewa, au jina liko katika kituo cha pili ndani ya ua uleule wa shule, au kadi imesahauliwa nyumbani Gerezani. Aliyeyagundua hayo saa mbili asubuhi ana kutwa nzima ya kuyarekebisha. Aliyeyagundua saa kumi kasorobo hana ila manung'uniko. Wafanyabiashara wa Kariakoo husema biashara asubuhi, jioni mahesabu, na sijui usemi uwezao kuifaa siku ya kura kuliko huo.

Lakini fadhila iliyo kubwa kuliko zote ni ile inayomfikia jirani. Wamo miongoni mwetu wasioweza kuwahi hata wakitaka: mama lishe ambaye asubuhi ana jungu la supu motoni, kuli anayeshusha magunia yaliyofika usiku, muuguzi anayengoja zamu yake ikome. Kila mwenye nafasi anapojiondoa katika mstari mapema, humpunguzia mmoja wao mwendo wa jioni. Kwa hiyo asiye na udhuru akichelewa kwa ajizi tu, huwa ametwaa mahali pa mwenye udhuru, naye hajui.

Wajibu huu una uzito wa pekee mahali hapa. Katika mtaa uitwao leo Lumumba, jirani na Mnazi Mmoja, chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Na uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959 ulipokuja, mpiga kura alitakiwa awe na elimu, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kilichotambuliwa, tena alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi waliokichangia chama senti zao hawakuruhusiwa kulikaribia sanduku. Haki iliyonyimwa hao haifai kufanywa jambo la kukumbukwa baada ya chakula cha mchana.

Hata hivyo si insafu kumtwika raia dhima yote peke yake. Tarehe 29 Oktoba 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza baada ya kurejea kwa vyama vingi, watu wa Dar es Salaam walikwenda kupiga kura, na katika vituo vingi wakakuta karatasi na vifaa havijafika, wakangoja; ikabidi Tume ya Uchaguzi iufute uchaguzi wa majimbo yote saba ya jiji na kuurudia tarehe 19 Novemba. Siku ile raia waliwahi, serikali ikachelewa. Zanzibar nako, kwa sheria ya mwaka 2018, imewekwa kura ya mapema kwa askari na watendaji wa uchaguzi, ambao siku yenyewe huwa kazini. Wakaipiga tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya wengine, na tena tarehe 28 Oktoba 2025. Kusudi la kumpa nafasi aliye kazini ni jema. Lakini wapinzani waliilalamikia, na funzo lake ni kwamba kura iliyotangulia yahitaji mashahidi wengi zaidi. Na tarehe 29 Oktoba 2025 jiji hili likaona siku ya kura ikigeuka siku ya ghasia, roho za watu zikapotea, na jioni ikatolewa amri ya kutotoka nje. Imani ikishakatika, kuwahi hakumfai aliyewahi.

Basi hukumu yangu ni hii: aliyechelewa kwa udhuru hana lawama, na kura yake ni kamili, aliyechelewa kwa uvivu ametimiza faradhi na kuikosa fadhila, na aliyewahi ametimiza yote mawili, madhali wenye kulilinda sanduku nao wamewahi kufungua, wamehesabu kwa haki, na wametangaza kwa kweli. Ewe msomaji, litazame jina lako katika orodha kabla ya siku, kata shauri lako kabla ya siku, na siku ikifika uende asubuhi. Kisha wadai walio na dhamana ya kura yako waiheshimu kama wewe ulivyoiheshimu.