Mkataa Wengi ni Mchawi?

Ndugu zetu Waislamu, kuna methali mbili ambazo kila mtoto wa pwani huzisikia tangu udogoni: "Mwacha mila ni mtumwa," na "Mkataa wengi ni mchawi." Ya kwanza yatutisha kwa utumwa, ya pili yatutisha kwa jina baya. Leo twataka kuuliza: je, mwenye kuvunja ada ya watu ni mkosa siku zote? Na wale wanaomwadhibu kwa kuivunja, je, wao wana haki siku zote?

Tusianze kwa kuzitukana ada, kwani hilo ndilo kosa la wengi waliosoma kidogo. Sharia yetu yenyewe yaziheshimu. Wanazuoni wa fiqhi wameihisabu ada kuwa moja katika kanuni kubwa tano ambazo hukumu hurejezwa kwazo. Mwanamke aliyeolewa bila mahari kutajwa, kadhi akitaka kumkadiria hutazama mahari ya wanawake wa jamaa zake walio mfano wake. Watu wakiuziana kwa shilingi bila kueleza ni shilingi gani, huchukuliwa ile itumikayo mjini. Lakini wanazuoni hao hao wameweka sharti: ada isipingane na hukumu iliyothubutu. Ikipingana nayo, basi huwa haina nguvu, hata wakiwa walioizoea ni mji mzima.

Sasa nitaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe, nalo si la kujivunia.

Yapata miaka 15 iliyopita alifariki jirani mmoja mtaani kwetu, akaacha mjane na watoto wanne, wote hawajabaleghe. Mali yake ilikuwa mashua ndogo ya kuvulia na akiba kidogo. Baada ya mazishi wazee walikaa barazani wakakadiria: magunia mangapi ya mchele, mbuzi wangapi, matanga siku ngapi. Yule mjane alimtuma mwanawe mkubwa, aliyekuwa na miaka 11, aniulize: "Mama asema, Maalim, fedha hizi ni za mayatima. Yafaa kuzipikia?"

Jawabu nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimelisoma mbele ya masheikh wangu, na nikalisomesha mara nyingi: katika mali ya maiti hutolewa gharama za kumwosha, kumkafini na kumzika, kisha madeni yake, kisha wasia wake usiozidi thuluthi, kisha warithi hugawana kilichosalia. Na fungu la yatima hakuna mwenye ruhusa ya kulitoa sadaka, hata mama yake mzazi. Pilau ya matanga haimo katika hisabu hiyo. Yote hayo niliyajua, nami nikatazama nyuso za wale wazee, nikamwambia mtoto: "Mwambie mama, ndiyo ada ya watu."

Tukala siku tatu, na mimi nikala pamoja nao. Kabla ya mwaka kwisha mashua iliuzwa ili kulipa deni la mchele, na yule mtoto akaacha chuo, akenda kuchukua mizigo.

Zingatieni, ndugu zangu. Ada ile haikuwa na askari wala mahakama. Kilichotushika ni neno moja tu: watu watasemaje? Na la ajabu ni kwamba baadaye niliwauliza wawili katika wale wazee, na kila mmoja akaniambia kwamba yeye hakupenda, bali aliwaona wenziwe wakitaka. Basi pengine sote tuliokaa barazani siku ile tulikuwa tukitii amri ambayo hakuna aliyeitoa.

Wala Mtume wetu (s.a.w.) hakutuachia jambo hili bila mwongozo. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, aliagiza watu wawapikie jamaa zake chakula, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Sunna ni jirani kumlisha mfiwa. Sisi tumeigeuza, mfiwa ndiye awalishaye majirani.

Miaka michache baada ya hayo alitokea mtu mmoja akaivunja ada hii. Alifiwa na mama yake, akamzika, akapokea taazia, wala hakupika. Watu wakasema ni bahili, wakasema hakumpenda mama yake, na alipomwoza binti yake waliokwenda walihisabika. Adhabu ile ilikuwa dhulma, kwani hakuna haki ya mtu aliyoipoteza. Lakini na yeye alikuwa na lake: siku ya mazishi alisimama mbele ya wazee, akawaambia kwamba maisha yao yote wamekula moto. Neno lake lilikuwa na asili ya kweli, lakini alilisema kwa kuwadharau watu, nao wakaikataa kweli kwa sababu ya dharau.

Basi ni lini ada huvunjwa, na ni lini huachwa? Tuna mifano miwili katika sira. Waarabu wa zama za ujinga walimhisabu mtoto wa kupanga kuwa ni mwana khasa, na mke aliyeachwa naye kuwa ni haramu kwa baba mlezi. Mwenyezi Mungu alimwamrisha Mtume wake amwoe Zainab bint Jahsh baada ya kuachwa na Zaid bin Haritha, na Sura ya Al-Ahzab yaeleza kwamba ilikuwa ili waumini wasiwe na dhiki katika jambo hilo, na kwamba Mungu ndiye anayestahiki zaidi kuogopwa kuliko watu. Huo ni mfano wa kuvunja. Na mfano wa kuacha ni huu: Mtume alimweleza Bibi Aisha kwamba lau watu wake wasingekuwa karibu na zama za ukafiri, angaliibomoa Al-Kaaba akaijenga juu ya misingi ya Nabii Ibrahim. Hakuibomoa, kwa kuchelea nyoyo zao.

Katika ya kwanza palikuwa na hukumu ya Mungu na uzito juu ya migongo ya watu, basi ikavunjwa bila kujali maneno. Katika ya pili hakuna aliyedhulumiwa kwa kuachwa mawe yalivyo, basi ikaachwa. Nasi tupime hivyo hivyo. Tuulize: ada hii yalinda haki ya nani, na gharama yake yalipwa na nani? Kupiga hodi, kumzuru mgonjwa, kuchukua jeneza kwa zamu, hizo zalinda haki za watu, na mwenye kuzivunja astahiki kulaumiwa. Lakini ada ambayo gharama yake hulipwa na yatima, na faida yake ni sifa ya barazani, hiyo haistahiki kulindwa.

Wala haitoshi kumhimiza mtu avunje ada peke yake, kisha tukae mbali tutazame atakavyotengwa. Mfiwa asiyepika, apikiwe na majirani. Anayesusiwa arusi yake, sisi tuwe wa kwanza kuingia. Mtu mmoja akivunja ada huitwa mchawi, lakini wakiwa nyumba kumi mtaani, watoto wao watasema hiyo ndiyo mila.

Yule mtoto sasa ni mtu mzima. Nilimwendea nikamtaka radhi, nikamlipa nilichoweza, naye akanisamehe. Kisha akaniuliza kwa adabu: "Maalim, lau ungalisema siku ile, wale wazee wangalikufanya nini?"

Nikafikiri, nikaona wangalininung'unikia mwezi mmoja, au miwili.

Mwenyezi Mungu atupe ujasiri wa kusema haki, na ulimi mwema wa kuisemea. Amin.