"Mmefahamu?"

Mtoto wa kidato cha pili katika shule za serikali za Tanzania Bara amesoma miaka 7 kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza akakabidhiwa masomo kwa Kiingereza. Mwaka ule wa kwanza ugeni ulikuwa udhuru wake. Wa pili udhuru umekwisha, na mwishoni unamngoja Upimaji wa Kitaifa wa Baraza la Mitihani. Hapo hujifunza jambo lisilokuwamo katika ratiba: mwalimu akiuliza, "Mmefahamu?" darasa zima huitikia ndiyo, naye huitikia pamoja nao.

Je, msomaji, huo ni uongo? Wako wasemao ni adabu tu. Mimi sikubali. Shule ya msingi mtoto huyu alikueleza usanisinuru, jani linavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na jani lenyewe akakuchumia. Leo anausoma kwa moyo kwa Kiingereza, neno kwa neno. Ukimwambia afafanue, huinamisha kichwa. Chuoni pia alihifadhi asichokifahamu, lakini huko hapana aliyedai kuwa amekwisha fahamu. Tafsiri ilingoja wakati wake.

Hata hivyo, simwanzi yeye kwa lawama. Asemaye "sijafahamu" huchekwa na wenziwe, na pengine huambiwa akae, anawachelewesha wengine. Mwalimu naye ana watoto wengi na muhtasari wa kumaliza. Huisikia ile ndiyo moja ya darasa zima, akafuta ubao.