MAANDISHI YA KWENYE CHUPA

Bismillahi Rrahmani Rrahiim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.



Ijumaa moja baada ya sala, kijana mmoja alitandika kitambaa nje ya msikiti akapanga chupa za mafuta ya habbat sauda. Ni mafuta mazuri, nyumbani kwangu hayakosekani. Lakini kila chupa ilibandikwa karatasi: sukari, presha, kansa, sida, utasa, majini. Na chini yake, kwa Kiarabu, hadithi ya Mtume (s.a.w.) inayoisifu mbegu hiyo kuwa ni ponyo la kila ugonjwa ila mauti. Nikamwuliza nani ameandika karatasi hizo. Akasema: “Mzee, mimi nilinunua hivyo hivyo kwa karto. Na hadithi ni sahihi, ao unaikataa?”

Siikatai, wala wewe usiikatae. Imo katika Bukhari na Muslim. Lakini hebu jiulize, ndugu yangu: mtu anayetumia neno la kweli ili uamini ahadi asiyoijua, amesema kweli au uwongo? Na akisema “sikujua”, je, neno hilo linamtoa mbele ya Mola wake?

Hapa kwetu Congo tuna mfano mzito. Kuanzia mwezi wa Desemba 2014, kule Ituri, watu walianza kufika hospitalini shingo zimekakamaa, nyuso zimepinda, ndimi zinatoka nje. Kwanza walidhaniwa wana homa ya uti wa mgongo. Baada ya kupima ikaonekana kwamba walikuwa wamekunywa vidonge vilivyoandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza ambayo wengi huinunua kwa maumivu ya kila namna. Ndani hamkuwa na diazepamu. Mlikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa tangazo la hatari Julai 2015, na wakati huo waliolazwa walikuwa wamepita 400. Wauzaji wa pale sokoni hawakujua. Naamini kabisa hawakujua. Lakini mtoto aliyepinda shingo alikunywa kidonge kwa sababu ya yale maandishi, na maandishi ni ushahidi. Mbele ya kadhi, mtu ambaye hakuona haruhusiwi kusema nimeona.

Huo ni uwongo wa kilichomo. Upo uwongo wa pili, wa kinachoahidiwa, na huu ni mgumu zaidi kuukamata. Marekani walitunga sheria mwaka 1906 ya kukataza dawa zenye maandishi ya uwongo. Mtu mmoja akashitakiwa kwa kuuza dawa aliyodai inatibu kansa. Mwaka 1911 mahakama yao kuu ikasema sheria ile inahusu vitu vilivyomo ndani ya dawa, haihusu ahadi ya kuponya. Basi akashinda! Mwaka uliofuata wakairekebisha sheria, lakini ikabidi serikali ithibitishe kwamba muuzaji alikusudia kudanganya. Unaona mlango ulivyobaki wazi: kila mmoja atasema, “Mimi niliamini.”

Sisi mlango huo tumefungiwa zamani. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono katika fungu la nafaka, vidole vyake vikapata unyevu. Mwenye mali akajitetea kwamba ni mvua. Mvua! Kosa si lake. Hata hivyo Mtume alimwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, kisha akatamka kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Fungu lile halikuwa na karatasi yoyote. Nafaka kavu ya juu ndiyo ilikuwa maandishi yake. Na imepokewa pia kwamba mwenye kutibu watu bila kujulikana kwa utabibu, yeye ndiye mwenye kubeba dhamana ya madhara. Haikusemwa “akikusudia”.

Kwa hiyo Leta inapokamata dawa za uwongo, tusiseme haraka kwamba ni mambo ya kizungu ya kuonea maskini. Katika miji ya Kiislamu alikuwako muhtasibu, msimamizi wa soko, na kitabu cha al-Shayzari cha karne ya 12 kinamfundisha namna wauza dawa wanavyochanganya afyuni na vitu vingine, ili awatambue. Serikali yetu nayo iliunda ACOREP mwaka 2020 kusimamia dawa. Ni haki yake, na ni wajibu wake. Kukamata meza ya mama wa sokoni na kumwacha mwenye depo aliyemuuzia, hiyo siyo haki, na tuliseme wazi.

Mjane mmoja jirani yangu, mgonjwa wa sukari, aliacha sindano zake kwa sababu ya chupa yenye hadithi. Hakuwa mjinga. Aliona jina la Mtume akaona haya kutilia shaka. Tulimpeleka hospitali usiku, hajitambui. Alhamdulillahi yuko hai, lakini mguu mmoja umekatwa. Wakati imepokewa kwamba Mtume mwenyewe, Saad bin Abi Waqqas alipougua, alimwelekeza kwa tabibu, al-Harith bin Kalada!

Nilirudi kwa yule kijana nikamweleza habari za mjane. Alinyamaza muda mrefu. Wiki iliyofuata alikuwa amebandua karatasi zote. Chupa zake sasa zimeandikwa jina la mafuta na bei, basi. Anasema mauzo yameshuka karibu nusu, na ana watoto wanne. Anayehitaji mafuta atamkuta pale pale mlangoni.

(Karatasi hii ina majina matukufu. Tafadhali usiitupe chini.)