Chukua Gombo Lingine

Somo: Yeremia 36:1–32; Yeremia 45:1–5



Mwezi huu tumekuwa tukizungumza juu ya talanta zilizofukiwa ardhini. Leo tunamgusa mtu ambaye mimbari hazimtaji sana: mtu ambaye Mungu amempa kuandika.

Usiseme, "Hiyo si yangu, Mchungaji." Ngoja kwanza. Kuna dada hapa ambaye tangu kabla ya korona anasema ataandika kitabu cha ushuhuda wake. Kuna mwanafunzi ambaye utafiti wake wa chuo umekwama ukurasa wa 12. Kuna kijana wa kwaya mwenye nyimbo nusu nusu kwenye simu. Na kuna wazee wanaojua kanisa hili lilianzaje, mabati ya kwanza yalichangwa na nani, tulifukuzwa wapi na tukapokelewa wapi. Hakuna mahali hayo yameandikwa. Wote hawa ukiwauliza, jibu ni moja: "Niko bize, Mchungaji. Nikipata nafasi tu."

Leo tuongee na huyo wa "nikipata nafasi".

Baruku na moto wa mfalme

Ni mwaka wa nne wa mfalme Yehoyakimu, karibu mwaka 605 kabla ya Kristo. Yeremia amehubiri miaka 23, na watu hawajasikia. Ndipo Mungu anamwagiza achukue gombo na kuandika kila neno aliloambiwa tangu siku za Yosia. Yeremia anamwita karani, Baruku mwana wa Neria. Yeremia anatamka, Baruku anaandika.

Mwaka unaofuata, mwezi wa tisa, siku ya kufunga, Baruku analisoma gombo hilo hekaluni, kwa sababu Yeremia mwenyewe amezuiliwa asiingie. Habari zinafika kwa mfalme. Ni majira ya baridi, ameketi nyumbani mwake na moto unawaka mbele yake. Mtumishi wake Yehudi anasoma safu tatu au nne, mfalme anakata kipande kwa kisu kidogo cha mwandishi na kukitupa motoni. Yehudi anasoma tena, mfalme anakata tena. Mpaka gombo lote likawa majivu.

Hebu vaa viatu vya Baruku. Hakuna kompyuta. Hakuna nakala kwenye barua pepe wala kwenye flashi. Kila herufi ni mkono wako na wino wako. Na aliyechoma si jirani mwenye wivu, ni mfalme mwenyewe. Juu ya hayo, ameamuru ukamatwe.

Mungu akasema nini? Hakuwaambia wapumzike mpaka hali itulie. Hakusema wangoje mfalme mwingine. Aliwaambia wachukue gombo lingine, waandike tena yote yaliyokuwa katika lile la kwanza. Ukisoma mstari wa 32 utaona jambo la ajabu: gombo la pili lilikuwa refu kuliko la kwanza. Maneno mengine mengi yaliongezwa. Mwambie jirani yako: la pili lilikuwa refu!

Wapendwa, tuna mambo matatu ya kujifunza kwa karani huyu.

1. Kuahirisha mara nyingi ni woga, si uvivu

Tunajidanganya kwamba tunaahirisha kwa sababu tuna kazi nyingi. Lakini mtu yule yule aliyekosa dakika 20 za kuandika alipata saa nzima ya kupitia video kwenye simu. Na si kwamba ni mvivu. Ameamka saa kumi na nusu alfajiri, amepanga watoto, amepigana na matatu, amefanya kazi ya watu mpaka jioni. Mvivu hawezi hayo. Basi mbona akifika kwenye daftari mkono unakuwa mzito?

Ni kwa sababu kitabu ambacho hakijaandikwa hakuna anayeweza kukicheka. Kikiwa kichwani bado ni kizuri. Kikishuka kwenye karatasi kitaonekana kilivyo, na mimi nitaonekana nilivyo. Kwa hiyo tunasema "kesho". Kesho inatuficha.

Mhubiri 11:4 inatuonya juu ya mkulima anayechunguza upepo na kutazama mawingu: huyo hapandi na wala havuni. Nyumba haitawahi kuwa kimya kabisa. Karo haitawahi kuisha. Wazee wetu walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika kuandika, ngoja ngoja hupoteza ushuhuda, kwa maana mwenye ushuhuda anazeeka. Uamsho ulifika Kenya kutoka Rwanda mwaka 1937, na waliookoka siku hizo walisimulia mengi, lakini ni wachache walioandika. Tumewazika na vitabu vyao vifuani.

Lakini tusichanganye kuahirisha na kupumzika. Mungu mwenyewe ndiye aliyeweka sabato. Mama aliyejifungua juzi, au muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, akilala, amelala. Asihukumiwe. Ukipumzika unarudi na nguvu. Ukiahirisha unarudi na hatia. Wewe mwenyewe unajua ni kipi unachofanya.

2. Shaka hutulia tukiacha kutafuta makuu

Baruku hakuwa shujaa wa chuma. Sura ya 45, ambayo ni ya mwaka ule ule wa kuandika, inatuonyesha moyo wake. Analalamika kwamba Bwana ameongeza huzuni juu ya maumivu yake, amechoka kwa kuugua na hapati raha. Ni karani anayeandika maneno ya Mungu mchana na kulia usiku. Kama umewahi kuandika jambo la Mungu huku ukijiuliza, "Lakini mimi ni nani?", Baruku ni ndugu yako.

Jibu la Mungu linashtua. Hamsifu. Hamwambii kwamba ana kipaji kikubwa. Anamuuliza kama anajitafutia mambo makuu, kisha anamwambia asiyatafute. Anamuahidi uhai wake popote atakapokwenda. Basi.

Mbona jibu kali hivyo? Kwa sababu makuu ndiyo yanayogandisha mkono. Unataka kitabu cha kwanza kijae madukani mjini. Unataka sentensi ya kwanza iwe kama ya mhubiri mkubwa unayemsikiliza redioni. Ukiipima yako na yake, unafuta. Mungu anakwambia uache kipimo hicho. Uliitwa kuandika ulichopewa. Ukubwa wake si kazi yako.

Luka angeweza kusema, "Wengine wameshaandika." Tena mwanzoni mwa Injili yake anakiri kwamba wengi walikuwa wameshatia mkono kuandika habari hizo. Hakuacha. Alichunguza kwa makini, akaandika kwa mpangilio, kwa ajili ya msomaji mmoja anayemtaja kwa jina, Theofilo. Aliandika kwa ajili ya mtu mmoja, na leo tunasoma sisi sote.

Au mchukue John Bunyan wa Uingereza. Alikuwa fundi wa kuziba sufuria, elimu yake ni ya msingi tu. Kwa kukataa kuacha kuhubiri alifungwa gerezani Bedford mwaka 1660, akakaa karibu miaka 12, huku nyumbani kuna mke na watoto, mmoja wao kipofu. Gerezani alitengeneza kamba za viatu ili familia ipate chakula, na huko huko aliandika. Alipowaonyesha marafiki maandishi ya kitabu chake cha msafiri, wengine walimwambia achapishe, wengine wakamwambia asichapishe. Mwenyewe anasimulia hivyo. Alichapisha, mwaka 1678. Wengi wetu tunakijua kwa Kiswahili kama Safari ya Msafiri. Marafiki waligawanyika, lakini kazi iliendelea.

Tofautisha unyenyekevu na shaka. Mnyenyekevu anampa mwenzake kazi na kumwomba amsahihishe. Mwenye shaka anaificha kazi hiyo kabatini na kuiita unyenyekevu.

3. Wino mdogo kila siku hujaza gombo

Nilisomea biashara, kwa hiyo mtaniruhusu nifanye hesabu kidogo madhabahuni.

Tuseme unaandika maneno 200 kwa siku. Hiyo ni chini ya ukurasa mmoja. Fanya siku 5 kwa wiki: umepata maneno 1,000. Fanya wiki 50, wiki mbili zilizobaki ukae na familia: umepata maneno 50,000. Ukiweka maneno 300 kwa kila ukurasa, hicho ni kitabu cha kurasa zaidi ya 160. Kwa mwaka mmoja! Na hujaacha kazi, hujakosa ibada, hujanyima watoto chakula.

Akina mama wa chama wanaijua siri hii kuliko maprofesa. Hakuna anayengoja apate laki moja ndipo aanze kuweka. Anaweka mia mbili leo, mia mbili wiki ijayo, na Desemba anashangaza watu. Haba na haba hujaza kibaba. Mbona kwa pesa tunaamini, lakini kwa kipawa tunangoja likizo ndefu ambayo haiji?

Basi fanya hivi:

Chagua saa na mahali. Bajeti isiyo na tarehe ni ndoto. Inaweza kuwa dakika 20 kabla watoto hawajaamka, au ndani ya matatu kwenye foleni, ukijitumia ujumbe mwenyewe kwa simu. Hiyo saa iandike kama unavyoandika miadi ya daktari.

Siku ya kuandika usisahihishe. Fundi hapaki rangi ukuta ambao hajajenga. Andika vibaya leo, rekebisha Jumamosi.

Mtafute Yeremia wako. Baruku hakuandika peke yake. Mtu mmoja, mume, mke, rafiki wa maombi, akuulize kila Ijumaa, "Umefika wapi?"

Moto ukija, chukua gombo lingine. Simu itaibiwa. Mhariri atakataa. Mtu wa nyumbani atasoma na kusema, "Ni hii tu?" Lia, kama Baruku alivyolia. Kisha rudi. Hakuna mfalme mwenye moto wa kumaliza neno ambalo Mungu ameliweka ndani yako.

Mpendwa, angalia mwisho wa habari. Yehoyakimu alichoma gombo, lakini leo habari za moto wake tunazisoma katika kitabu kile kile alichotaka kisiwepo. Kitabu cha Yeremia tulicho nacho mkononi hakikutoka katika gombo lile la kwanza. Kimetujia kwa sababu karani mmoja aliyechoka, mwenye shaka, anayetafutwa na askari, alikubali kuchovya kalamu tena.

Kama si Baruku kurudia, leo ningekuhubiria nini?

Tuombe

Baba, tunakuja kwako na madaftari yetu matupu na simu zetu zilizojaa mambo yaliyoanzwa. Unajua shughuli zetu, unajua na woga wetu. Utuondolee kiu ya makuu. Utupe uaminifu wa leo: ukurasa mmoja, dakika ishirini. Pale palipoungua, utupe gombo lingine. Wazee wetu wasilale na ushuhuda wao. Utuinulie makarani wa kuuandika. Katika jina la Yesu, amina.

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii

1. Ni jambo gani Mungu amekupa kuandika ambalo umeliahirisha? Litaje mbele ya wenzako.
2. Soma Yeremia 45. Ni "makuu" gani yanayokuzuia kuanza?
3. Kila kikundi kimchague mzee mmoja, na kijana mmoja wa kumwandikia. Kijana aende na daftari, amwulize jinsi alivyookoka, na alete ukurasa mmoja tu katika kikao kijacho.