Azikwe Kwao

Juzi kwenye kijiwe cha kahawa pale Makere, jirani na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mstaafu mmoja wa upimaji ardhi alinikatiza. Tulikuwa tukizungumzia watu wanaohamishwa kupisha mabwawa. "Walilipwa," akasema. "Aliyelipwa ana dai gani tena?" Kahawa ikanipoa mkononi.

Kwamba nchi inahitaji umeme, sibishi: bwawa la Mtera linatunza maji ya mitambo ya Kidatu, nami nawasha taa. Fidia nayo, malipo ya anayehamishwa, kila mtu anaijua. Ila hilo "walilipwa"! Itazameni karatasi yenyewe: thamani ya ardhi, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi. Makaburi yana sheria yake, ya mwaka 1969. Mthamini mwema atahesabu miembe mmoja mmoja. Kivuli chake je, walipokalia wazee kuamua ugomvi wa mipaka? "Kivuli hakina bei," mstaafu akacheka. Sawa, hakina, basi asiniambie deni limekwisha. Kule Kiambere, kwenye Mto Tana nchini Kenya, maelfu waliondolewa kupisha bwawa miaka ya 1980 wakapewa fedha taslimu wakajitafutie ardhi. Wengi waliambulia mashamba madogo kuliko waliyoyaacha. Hata chenye bei hakikurudi.

Ipo fidia nyingine: mzee asiyeweza kufunga Ramadhani huitoa kwa kumlisha maskini. Nalipenda sana jambo hili. Kibaba kile cha mchele hakuna anayekiita saumu. Kimeshika nafasi yake tu, na mtoaji hutoa akiwa mnyonge. Sijapata kumwona mlipaji wa bwawa akiwa mnyonge.

Pembeni yetu aliketi Mkongomani aliyeingia Nyarugusu mwaka 1996, kambi ilipofunguliwa. Akisema "kwetu" hunyoosha mkono ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Fizi. Hakulipwa hata senti, ila kwao kungalipo. Aliyefunikiwa kijiji anyooshe mkono wapi, majini?

Au labda kwetu huhama na watu. Babu yangu aliteremshwa kutoka mlimani hadi kando ya barabara katika Operesheni Kigoma ya kuwakusanya watu vijijini, mwanzoni mwa miaka ya 1970, bila fidia yoyote. Alilalamika miaka mingi, huku akijenga, akioza mabinti, akipanda migomba mipya. Alipofariki, ukoo ulibishana hadi jioni: azikwe juu, kwao, au azikwe chini, kwao.